Soksi inauma: kumwelewa mtoto mwepesi wa kuhisi

Binti yangu alikuwa na miaka minne. Tulikuwa tumechelewa, mimi nimeshika begi lake, yeye kakaa chini mlangoni, mguu mmoja umevaa, mwingine mtupu. "Mama, soksi inauma." Nikaigeuza nikatazama ndani: hakuna mwiba, hakuna mchanga. "Haiumi, mwanangu. Ni soksi tu." Akalia. Nikamvalisha kwa nguvu, akalia zaidi, tukaondoka wote wawili tumenuna. Jioni nilipomvua nikaona mstari mwekundu juu ya vidole, palepale mshono ulipopita. Mshono kama huo mimi nisingeusikia hata kidogo. Yeye alikuwa ameusikia siku nzima.

Lugha yetu haikosi maneno ya mtoto wa aina hii, ila karibu yote yanamlaumu: mdekaji, mlizi, mwoga, mnyonge, mwenye kisirani. La kudeka ndilo linalotumika sana, na ndilo linalopotosha sana. Kudeka kunahitaji mtazamaji. Mtoto anayedeka hulia huku jicho moja likichungulia kama umemwona, na ukitoka chumbani kilio hupungua. Mtoto anayeumizwa na mshono hulia uwepo usiwepo. Si kipimo cha maabara hicho, lakini kimenifaa kuliko ushauri mwingi niliopewa.

Katika saikolojia, aliyelifanya jambo hili lijulikane sana ni Mmarekani Elaine Aron. Mwaka 1997, yeye na mumewe Arthur Aron walichapisha mfululizo wa tafiti kuhusu watu ambao ubongo wao huchakata kwa kina zaidi yale yanayoingia kupitia milango ya fahamu, wakatunga na dodoso la maswali 27 la kupima hali hiyo. Kwa Kiswahili wapo wanaosema "mtoto nyeti", lakini neno hilo tumeshalipa kazi nyingine, kuanzia nyaraka za siri hadi sehemu za mwili. Mimi nitasema mtoto mwepesi wa kuhisi.

Kinachoelezwa hapo mara nyingi hueleweka vibaya. Hakuna aliyesema kwamba masikio ya mtoto huyu ni makali kuliko ya wenzake. Mpeleke akapimwe, na majibu yanaweza kutoka sawa kabisa na ya jirani yake. Tofauti inaanzia baada ya sikio. Chukua makarani wawili wanaopokea barua. Wa kwanza husoma kichwa cha habari, hugonga muhuri, huweka kando. Wa pili husoma hadi mstari wa mwisho, hujiuliza mwandishi alikuwa katika hali gani, huilinganisha na barua ya jana. Zikija barua kumi, wa pili anafanya kazi safi kuliko mwenzake. Zikija mia tano kwa saa moja, meza yake inafurika na karatasi zinaanza kudondoka sakafuni. Kile kilio cha ghafla sebuleni, kisicho na sababu unayoiona, mara nyingi ni meza iliyofurika.

Kwa hiyo mtoto anayegundua kwamba leo sauti yako si ya kawaida, kabla wewe mwenyewe hujakiri kuwa una huzuni, ndiye yuleyule anayeziba masikio ukumbini. Ni karani mmoja.

Hakulelewa vibaya

Kwamba watoto huzaliwa na tabia tofauti, wazazi wenye watoto zaidi ya mmoja hawahitaji kuambiwa. Sayansi ilichelewa kidogo. Kulikuwa na kipindi kirefu ambacho kila tabia ya mtoto ilihesabiwa kuwa kazi ya mama yake. Mwaka 1956, madaktari wa akili Alexander Thomas na Stella Chess, nao walikuwa mume na mke, walianza kuwafuatilia watoto jijini New York tangu uchanga. Waliorodhesha mambo tisa yanayotofautisha hulka za watoto, na moja lilikuwa ni kiasi gani cha mwanga, sauti au mguso kinahitajika kabla mtoto hajaonyesha kwamba amekihisi. Waliona pia kundi la watoto wanaokawia kuzoea, wanaohitaji muda kabla ya kuingia katika jambo jipya.

Miaka kadhaa baadaye Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard akawachukua watoto wa miezi minne tu. Aliwaning'inizia vitu vya kuchezea vya rangi mbele ya macho, akawasikilizisha sauti zilizorekodiwa, akawanusisha pamba yenye harufu. Karibu mmoja kati ya watano alirusha mikono na miguu, akapinda mgongo, akalia. Wawili kati ya watano walitulia kama vile hakuna lililotokea. Mtoto wa miezi minne hajajifunza kudeka. Wale waliochachamaa walielekea zaidi, wakifika miaka miwili, kuwa waangalifu mbele ya watu na vitu vigeni, ingawa si wote.

Damu inachangia pia. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa vijana mapacha zaidi ya 2,800 wa Uingereza, na ukaonyesha kwamba asilimia 47 ya tofauti za watu katika wepesi wa kuhisi inatokana na urithi. Hapa watu huteleza. Asilimia 47 haimaanishi kwamba karibu nusu ya machozi ya mwanao yametoka kwako na nusu nyingine yametoka shuleni. Ni maelezo ya kundi: ukiwapanga watu wengi kuanzia asiyehisi upesi hadi anayehisi upesi sana, karibu nusu ya sababu ya kutofautiana kwao iko katika vinasaba, na nyingine iko katika maisha waliyopitia. Kuhusu mtoto mmoja mmoja namba hiyo haikwambii kitu.

Wako wangapi? Aron alikadiria asilimia 15 hadi 20. Tafiti za baadaye za watoto na vijana, zile za Michael Pluess na wenzake, ziliwagawa katika makundi matatu: kundi la juu likiwa kati ya asilimia 20 na 35, la kati asilimia 41 hadi 47, na la chini asilimia 25 hadi 35. Mipaka ya makundi hayo ni ya watafiti. Kiuhalisia ni kama urefu: wapo warefu na wafupi, lakini hakuna sentimita ambapo ufupi unakoma.

Kinachoumiza zaidi ndicho kinachojenga zaidi

Hapa ndipo nilipobadilisha mawazo yangu mwenyewe. Nilidhani suala ni udhaifu, kwamba kuna watoto wa chuma na watoto wa glasi, na wa glasi walindwe. Sivyo tafiti zinavyosema.

Mwaka 2005, Bruce Ellis na daktari wa watoto Thomas Boyce waliazima msemo wa Uswidi unaomlinganisha mtoto anayestahimili na ua la porini, lile la njano linalochipua popote, hata kwenye ufa wa saruji. Wao wakaongeza ua la pili, okidi. Okidi ikipuuzwa hunyauka kabla ya nyingine zote. Ikitunzwa vyema, huchanua kwa uzuri usio wa kawaida. Boyce alikuwa amepima jinsi miili ya watoto inavyoitikia mfadhaiko. Miongoni mwa walioitikia kwa nguvu, waliotoka katika mazingira magumu waliugua kuliko wengine wote, na waliotoka katika mazingira tulivu walikuwa na afya njema kuliko wengine wote, hata kuliko wale wa "chuma". Jay Belsky alikuwa ameshaanza, katika miaka ya 1990, kujenga hoja hiyohiyo kwa njia nyingine: baadhi ya watoto huathirika zaidi na malezi, kwa ubaya na kwa uzuri vilevile.

Mfano ninaoupenda ni wa shule moja London. Wasichana wa miaka kama 11 walifundishwa darasani namna ya kukabiliana na mawazo mabaya na misukosuko. Pluess na Ilona Boniwell, waliochapisha matokeo mwaka 2015, walitenganisha waliokuwa wepesi wa kuhisi na wasiokuwa. Wepesi wa kuhisi walipungukiwa na dalili za sonona, na nafuu ikaendelea kuonekana mwaka mzima baadaye. Kwa wenzao, mafunzo yaleyale hayakuacha alama.

Ukilikubali hilo, swali la "nitamkomazaje?" linapoteza maana. Mtoto huyu anapokea zaidi. Kazi iliyobaki kwetu ni kuangalia anapokea nini.

Utamjuaje

Simama kando ya uwanja wa michezo wa watoto. Watoto wanashuka kwenye gari la mzazi na kukimbilia bembea. Mmoja anasimama langoni. Dakika tano, kumi. Mzazi anamsukuma mgongoni: "Nenda ukacheze, umekuja kusimama?" Ukimtazama yeye badala ya bembea, utaona macho yake yana kazi. Anahesabu nani anasukuma wenzake, foleni inakwendaje, yule mkubwa ana hasira au anatania. Akiachwa, mara nyingi huingia mwenyewe, na akishaingia anajua kanuni zote za pale bila kuambiwa. Akisukumwa, anaingia akiwa ameshaelemewa, na siku inaharibika.

Kuna maswali pia. Mtoto wa miaka mitano anauliza usiku, taa imeshazimwa, kama yule mzee wa jana barabarani amepata pa kulala. Wewe hata humkumbuki huyo mzee.

Dalili nyingine ni za mwilini: lebo za nguo, chakula chenye vipande ndani ya kitu laini, harufu ya sabuni mpya, king'ora. Usingizi unaogoma kuja baada ya siku yenye shamrashamra, hata kama shamrashamra zilikuwa nzuri na mwenyewe alizifurahia. Kukosea mbele za watu kunamkera kupita kiasi. Kukaripiwa kwa mwingine darasani kunamkaa yeye tumboni.

Na dalili inayowachanganya wazazi kuliko zote: mwalimu anasema mtoto wako ni malaika, hana neno, anasikiliza. Nyumbani, dakika ya tatu baada ya kuingia, anatupa begi na kulia kwa sababu kikombe si kile cha bluu. Wazazi hudhani wanachezewa, au kwamba wao ndio wanaoshindwa kulea. Mara nyingi mtoto amejizuia saa saba mfululizo mahali penye kelele, na nyumbani ndipo anapoweza kuachia. Kikombe hakina hatia.

Usimtafute kwa wapole peke yao. Aron alikadiria kwamba karibu asilimia 30 ya watu hawa ni wachangamfu, wapenda watu. Mtoto wa namna hiyo ndiye anayeanzisha mchezo, anayecheka kuliko wote, na saa mbili baadaye anapigana na rafiki yake wa karibu. Yeye huitwa mtundu. Wavulana nao hufichika kwa sababu nyingine: wameshaambiwa mapema kwamba mwanamume halii, na hisia iliyozuiwa kutoka kama machozi hutoka kama ngumi.

Sasa tahadhari. Wepesi wa kuhisi si ugonjwa, wala hauko katika orodha rasmi za magonjwa ya akili. Hakuna hospitali itakayokupa cheti chake. Lakini kuna hali nyingine zinazofanana nao kwa nje. Kusumbuliwa na sauti, mwanga au mguso ni miongoni mwa dalili za usonji zilizoingizwa katika mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili mwaka 2013. Kwa kawaida mtoto mwepesi wa kuhisi husoma nyuso na sauti za watu vizuri, pengine kupita kiasi, ilhali mwenye usonji mara nyingi hupata shida hapo, na huwa na dalili nyingine, kama kurudiarudia mambo au kushikilia utaratibu mmoja. Mtoto mwenye tatizo la umakini naye anaweza kuonekana ameelemewa, ila utulivu wa chumba haumbadilishi sana. Matatizo ya masikio na wasiwasi uliokithiri nayo yapo. Na mtoto mmoja anaweza kuwa na mambo mawili kwa pamoja, kwa hiyo aya hii isikufanye umpe mwanao jina la ugonjwa, wala kumvua.

Hulka huonekana tangu uchanga na huenda na mtoto. Likitokea jambo ghafla, hilo si hulka. Mtoto aliyekuwa akilala vizuri akaanza kuamka akipiga kelele, aliyependa shule akaanza kutapika asubuhi, aliyekumbatia kila mtu akaanza kumkwepa mtu fulani mmoja: hapo usijipoze kwa kusema "wangu huyu ana hisia nyepesi". Uliza nani anamfanyia nini. Vilevile anayepungua uzito kwa kuchagua chakula, anayepoteza maneno aliyokuwa nayo, anayejiumiza, au asiyekwenda shule kwa majuma, apelekwe kwa daktari wa watoto au mtaalamu wa afya ya akili.

Kumsaidia bila kumfunika

Cha kwanza ni kumwamini. "Inauma" ni taarifa, na mwenye mguu ndiye mwenye kujua. Kumwamini hakumaanishi kukubali kila anachotaka. Unaweza kusema, "Nimesikia, mshono unakukera. Tutaigeuza nje ndani, halafu tunaondoka." Soksi za binti yangu zilivaliwa nje ndani mwaka mzima, na hakuna aliyekufa kwa aibu. Kinachomaliza nguvu ni ule ubishi wa kila siku juu ya kama anahisi anachohisi. Mtoto akishindwa ubishi huo mara mia, hujifunza kutokuamini mwili wake.

Cha pili ni kumpa habari mapema. Karani wetu anafanya vizuri akijua barua zinakuja. "Tukifika kutakuwa na watu wengi na muziki. Utakaa na mimi kwanza. Ukichoka, nivute mkono." Sentensi tatu. Ukija ugeni, kuhama, mwalimu mpya, mwambie siku kadhaa kabla, na akiuliza swali lilelile mara sita, jibu mara sita, anaendelea kulisoma. Kisha acha nafasi baada ya tukio. Nusu saa ya kimya baada ya shule, bila "leo mmefundishwa nini", huokoa jioni nzima.

Kuhusu adhabu, watu wengi hukosea kwa nia njema. Mtoto huyu kwa kawaida ameshajikaripia kabla hujafika. Ukimfokea, sauti yako inaziba kila kitu na somo halisikiki. Anakumbuka uso wako na amesahau alichokosea. Mwite kando, sema kwa sauti ya kawaida alichofanya na kinachotakiwa. Mpaka ubaki palepale. Nasisitiza mpaka, kwa sababu wazazi waliokwisha kuelewa habari hii mara nyingi huanguka upande wa pili.

Upande huo wa pili ni kumfunika kama yai. Anaogopa mbwa, kwa hiyo tunabadilisha njia. Anaogopa kusoma mbele ya darasa, tunamwandikia mwalimu amruke. Anaogopa kulala kwa bibi, basi bibi aje kwetu. Kila mara hofu inashuka papo hapo, na kila mara mtoto anapata ushahidi mpya kwamba jambo lile lilikuwa hatari kweli na yeye asingeliweza. Katika utafiti wa Kagan, mwenzake Doreen Arcus aliona kwamba watoto waliozaliwa wakichachamaa, ambao mama zao waliwawekea mipaka thabiti na hawakuwakimbilia kila walipolalamika, walikuwa na hofu kidogo baadaye kuliko waliolindwa dhidi ya kila kitu.

Njia ya katikati ni ngazi. Binti yangu hakutaka kabisa bwawa la kuogelea. Siku ya kwanza tulikaa kwenye benchi na nguo zetu, tukatazama. Juma lililofuata aliingiza miguu. Tena miguu. Tena miguu, nikaanza kuhesabu fedha za kiingilio na kuuma meno. Siku ya tano aliniambia, "Kwenye kona ile hawarushi maji," akaingia mwenyewe hadi kiunoni. Alikuwa ameitafuta kona hiyo kwa majuma manne. Mimi nilidhani anaogopa maji. Alichoogopa ni kurushiwa maji usoni bila kutarajia. Kama ningemtumbukiza nisingelijua hilo, na kama ningeacha kumpeleka nisingelijua pia.

Walimu wenye watoto arobaini darasani hawawezi kujenga ngazi kwa kila mmoja, na sitawatwisha mzigo huo. Lakini kuna mambo yasiyo na gharama: kumweka mbali na mlango na kelele za nje, kumwambia mapema kwamba swali la tatu litakuwa lake, kumpa kazi ya kupeleka daftari ofisini apate dakika mbili za kupumua, na kutomtangaza mbele ya wenzake kuwa ni mwepesi wa kulia.

Ndugu zake watauliza kwa nini yeye anaruhusiwa kuondoka mezani na wao hawaruhusiwi. Wajibiwe ukweli, kwamba kelele zinamchosha upesi, kama wewe unavyochoka upesi ukikimbia.

Thomas na Chess walikuwa na wazo ambalo naona bado halijapitwa: shida nyingi hazimo ndani ya mtoto wala ndani ya mzazi, bali katika kutolingana kwa hulka zao. Mzazi asiyehisi upesi humwona mtoto huyu kama fumbo la makusudi. Mzazi anayehisi upesi naye ana taabu yake, maana kilio kinamfurika na yeye, na meza mbili zinamwagika kwa pamoja.

Nyumbani kwetu mimi ni wa aina ya kwanza. Nilipomsimulia baba yake habari ya soksi, nikitarajia tucheke wote, hakucheka. Alikwenda kabatini akarudi na shati lake, akanionyesha ndani ya kola. Lebo ilikuwa imekatwa na mkasi. Akaleta la pili, la tatu. Miaka tisa nafua mashati hayo, na sikuwahi kugundua.